Kutoa stima kwa joto la jiko: maswali yanayoulizwa sana kuhusu betri za joto za metali

Maswali haya huja yale yale kila mara, kutoka kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye mjini Kisumu, wanafunzi wa Nakuru wanaotafuta mradi wa sayansi, na akina mama wa Obunga, Kisumu hiyo hiyo, wanaokaanga mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyotolewa minofu) kutwa nzima moto ukiwaka na simu zimezima. Nimeyajibu hapa mahali pamoja. Pale jibu halitakufurahisha nitakuambia tu hivyo hivyo, maana watu wanatoa pesa zao za jasho kununua vitu ambavyo hesabu yake ingewachukua dakika tano. Ukishika jambo moja, mengine yote yatafuata: stima hapa inatokana na tofauti ya joto kati ya pande mbili. Moto mkali peke yake haukupi kitu.

Hii betri ya joto ni nini hasa?

Ni waya za metali mbili tofauti zimeunganishwa ncha kwa ncha, chuma, konstantani (metali ya kopa na nikeli), chuma, konstantani, hivyo hivyo mpaka ufike jozi kumi ama mia ama elfu. Zinapindwa zigizaga ili kiungo kimoja kiangalie moto na kinachofuata kiangalie baridi. Jozi moja inaitwa themokapo, na nyingi zikipangwa kwa mstari mmoja ni themopaili. Hakuna asidi ndani, hakuna kitu kinazunguka, hakuna oili ya kubadilisha. Ila haihifadhi chochote vile betri ya gari inahifadhi, kwa hivyo moto ukizima na pande zote zikawa na joto sawa, stima imeisha saa hiyo hiyo.

Sasa stima inatoka wapi kama hakuna kitu kinazunguka?

Ndani ya metali kuna elektroni zinazotembea huru. Ukipasha ncha moja ya waya moto, elektroni za upande huo zinakuwa na nguvu zaidi kuliko za upande wa baridi, zinahama, na huko kuhama ndiko kunaleta volti ndogo kati ya ncha mbili. Kila metali ina kiasi chake, na kuna zingine volti yake inaelekea upande wa kinyume kabisa, na hizo ndizo tunazitafuta tuzioanishe.

Si nitumie waya ya kopa tu, iko kila mahali?

Haitaenda. Waya ya kopa inayoenda motoni na ile inayorudi zitatoa volti sawa zinazopingana, jumla yake sufuri. Lazima njia ya kwenda iwe metali moja na ya kurudi iwe nyingine ili ubaki na ile tofauti.

Nani aligundua hii kitu?

Thomas Johann Seebeck, mwaka wa 1821 huko Berlin. Aliunganisha metali mbili zikawa duara, akapasha kiungo kimoja moto, akaona sindano ya dira iliyokuwa karibu imegeuka. Yeye alifikiri ni usumaku umezaliwa na joto, na ni Hans Christian Ørsted aliyeelewa kwamba ni stima inapita kwenye duara. Ørsted na Mfaransa Joseph Fourier ndio walipanga jozi nyingi za bismathi na antimoni pamoja mwaka wa 1823. Halafu kuna Mfaransa Jean Peltier, 1834, alionyesha upande wa pili wa jambo: ukipitisha stima kwenye kiungo cha metali mbili, kiungo kinapoa ama kinapata joto kulingana na stima inaelekea wapi.

Wanafunzi wa fizikia, hii ni yenu: ile sheria ya Ohm mnayokariri, Georg Ohm aliipata mwaka wa 1826 akitumia themokapo ya kopa na bismathi. Betri za kemikali za wakati huo volti yake ilikuwa inashuka kila akipima, lakini themokapo yenye upande mmoja kwa maji yanayochemka na mwingine kwa barafu ilikuwa imetulia tuli, ndipo hesabu zake zikakubali.

Nitumie metali gani, na nitazipata wapi huku kwetu?

Kwa fundi wa kawaida jozi nzuri ni chuma na konstantani. Chuma ni rahisi, bainding waya nyeusi ya hadwea inatosha. Konstantani ni mchanganyiko wa kopa kama asilimia 55 na nikeli 45, na hiyo huwezi kuokota barabarani, lakini iko ndani ya kebo za kupimia joto za viwandani zinazoitwa taipu J. Mafundi wa viwanda vya plastiki, vya majani chai na hata vya sukari hutupa vipande vya kebo za themokapo kila wakirekebisha mashine, waulize kwa heshima watakupatia.

Ukipata kebo na hujui ni ya aina gani chukua sumaku. Kwenye taipu J waya moja ni chuma, itanata, na nyingine ni konstantani, haitanata. Sasa kuna taipu K pia, yenye kromeli na alumeli, na hapo alumeli inanata vile vile, kwa hivyo sumaku peke yake inaweza kukupotosha. Lowesha ile inayonata na maji ya chumvi uiache usiku mmoja. Ikishika kutu ni chuma, una taipu J. Ikibaki safi ni alumeli, una taipu K, na pia hiyo inafanya kazi, volti yake tu iko chini kidogo.

Watu wengi hukimbilia koili ya kuka ya stima ama ya hita kwa sababu iko bure. Hiyo ni nikromu, na ukiiunganisha na kopa ama chuma unapata volti kidogo sana halafu ukinzani wake (vile waya inazuia stima kupita) uko juu, yaani umepoteza pande zote mbili. Iache.

Jozi moja inatoa volti ngapi?

Kidogo, na hapa ndipo moyo wa wengi huvunjika. Chuma na konstantani hutoa kama maikrovolti 50 na kitu kwa kila digrii moja ya tofauti. Tofauti ikiwa digrii 200 unapata karibu milivolti 10.8 kwa jozi. Taipu K kwa joto hilo hilo ni kama 8.1.

Jozi 100 basi ni volti 1.08. Unasema sawa, nitaongeza jozi. Lakini ngoja tuangalie ukinzani, maana volti bila ampea haiwashi kitu. Chukua waya za milimita 1 unene, kila mguu sentimita 10. Mguu wa konstantani una kama omu 0.062 na wa chuma 0.013, jumla 0.075 kwa jozi, mara 100 ni omu 7.5. Nguvu kubwa zaidi unayoweza kutoa kwa betri yoyote ni pale mzigo, yaani kile kitu kinachotumia stima, una ukinzani sawa na betri yenyewe, na hapo volti inagawanyika nusu. Ukipiga hesabu unapata wati 0.039, yaani miliwati 39. Waya 200 zimekatwa, zimesafishwa, zimeunganishwa moja moja, kwa miliwati 39.

Kwa hivyo siwezi kuchaji simu?

Kwa waya za metali, hapana. Chaja ya kawaida ni volti 5 na ampea 1, hizo ni wati 5. Kwa hesabu ya hapo juu ungehitaji jozi karibu 13,000. Mtu akikuambia amechaji simu na waya za chuma kwenye jiko la makaa muombe akuonyeshe simu ikiwa na asilimia kumi ikipanda hadi ishirini ukiwa umesimama hapo.

Taa ndogo ya LED hiyo inawezekana. LED nyeupe inataka karibu volti 3 lakini kuna sakiti ndogo ya transista moja na koili ya waya ambayo inapandisha volti, mafundi wa redio wanaijua, na inaanza kufanya kazi ikipata kama volti 0.6 hivi. Jozi 150 zikiwa na tofauti ya digrii 200 zitaanza na volti 1.6 zikiwa hazina mzigo na karibu 0.8 zikibeba mzigo, kwa hivyo unawasha LED moja vizuri, mwanga wa kuona sufuria iko wapi na chumvi iko wapi. Kwa nyumba isiyo na stima hiyo si kitu kidogo.

Mbona inaanza vizuri halafu baada ya dakika chache inafifia?

Hili swali nalipenda kuliko yote kwa sababu jibu lake ndilo kazi yote ya hii teknolojia.

Nenda uangalie jiko la udongo la kukaangia samaki pale Obunga. Kuni zinaingia chini, karai iko juu, mafuta yanachemka, na ule udongo wa pembeni unashika joto pole pole mpaka mkono hauwezi kukaa. Ukiweka themopaili kwenye tundu la ukuta, ncha za ndani motoni na ncha za nje hewani, mita itaonyesha volti nzuri mwanzoni kwa sababu nje bado ni baridi. Halafu joto linatembea ndani ya zile waya zenyewe, na ukuta nao unatoa joto lake, ncha za nje zinapanda, tofauti inapungua, namba kwa mita zinashuka moja moja ukiangalia. Mtu anaongeza kuni. Moto unapanda, volti inapanda kidogo halafu inashuka tena, kwa sababu shida haikuwa moto. Mwagia ncha za nje kikombe cha maji ya ziwa uone: namba zinaruka juu hapo hapo na kuni hujaongeza hata moja.

Kwa hivyo pesa na akili zako zipeleke upande wa baridi. Hewa ya Kisumu mchana ni digrii 30 hivi na haichukui joto vizuri bila upepo. Hitisinki, zile alumini zenye mapezi zinazotoka kwa kompyuta mbovu, zinasaidia, na ukiziweka mahali pa upepo zinasaidia zaidi. Maji ndiyo bora kabisa. Sufuria ya maji ikikalia upande wa baridi, hayo maji yatapanda joto mpaka yachemke na hapo yatasimama, hayapandi tena hata uongeze moto. Nakuru tuko juu, kama mita 1,850, maji yanachemka karibu digrii 94, Kisumu karibu 96. Kwa hivyo una upande wa baridi uliofungwa pale 94 wakati chini kuna digrii 300 ama 400, na juu ya hayo umepata maji ya chai ama ya kuoga. Mimi kwangu huo ndio mpango wa maana zaidi kwa jiko la nyumbani, kwa sababu maji ungechemsha tu.

Kufupisha miguu ya waya kunapunguza ukinzani, ndiyo, lakini joto nalo linavuka haraka zaidi kwenda upande wa baridi. Usifupishe kabla hujapanga maji.

Kwa nini metali ni dhaifu hivyo?

Metali inayopitisha stima vizuri inapitisha joto vizuri pia, hivyo viwili vinaenda pamoja na huwezi kuvitenganisha kwa urahisi. Sisi tunataka stima ipite na joto libaki. Ile betri yetu ya jozi 100 inavuta kama wati 15 za joto kupitia waya ili itoe miliwati 39, hiyo ni chini ya nusu asilimia. Semikondakta, yaani kitu kinachopitisha stima lakini si kama metali, mfano bismathi teluraidi, inafanya vizuri zaidi, volti kama maikrovolti 200 kwa digrii kwa kila mguu, na joto linapita kwa shida. Hizo zinaweza kufika karibu asilimia 5 tofauti ikiwa digrii 200.

Vile vigae vyeupe vya Peltier, vya semikondakta, vya kutoka kwa friji ndogo vinafaa?

Vinafaa kujifunzia na vitakupa zaidi ya waya zako zote. Kile cha kawaida ni sentimita 4 kwa 4 na ndani kina jozi 127. Tahadhari ni joto: nyingi za bei nafuu zimeunganishwa ndani na solda inayoyeyuka karibu digrii 138, ukiweka moja kwa moja juu ya makaa imekufa. Kuna zingine zimetengenezwa za kuzalisha stima zinazovumilia zaidi ya 200, uliza kabla ya kununua. Majiko ya BioLite, ambayo yameuzwa hapa Kenya, hutumia teknolojia hiyo kuzungusha feni na kuchaji simu, na ile feni ndiyo naona ina maana zaidi kwa sababu inapunguza moshi.

Waya za chuma na konstantani zenyewe huvumilia moto ambao ungeua kigae mara moja. Juu ya digrii 500 hivi chuma kinaanza kuliwa haraka na hewa, kwa hivyo paka udongo.

Naunganisha vipi zile ncha?

Upande wa moto usitumie solda ya kawaida ya risasi na bati, inayeyuka digrii 183. Safisha ncha na msasa, zisokote pamoja mara tatu, halafu chomelea. Mafundi hutumia betri ya gari na kijiti cha kaboni kutoka kwa betri kavu ya tochi, wanagusisha kidogo tu ncha inakuwa shanga. Vaa miwani ya giza, hiyo cheche ni ya kuchoma macho. Upande wa baridi solda inakubali.

Waya zisigusane pengine popote isipokuwa kwa viungo, la sivyo umekata njia. Maika kutoka kwa pasi mbovu inatenganisha vizuri, udongo mkavu pia, na ile soksi ya faiba ya waya za oveni. Usitumie asbesto, hata ukipata bure, vumbi lake linaua mapafu.

Na hapa Menengai na Olkaria, si kuna joto la bure la ardhini?

Lipo, na linatumika. Olkaria ilianza mwaka wa 1981 na wati milioni 15, na Menengai nayo sasa inatoa stima. Lakini huko ni mvuke unazungusha tabaini, na tabaini kwa kazi kubwa inashinda themopaili kwa mbali sana. Themopaili nafasi yake ni pale joto ni kidogo na limetawanyika, ama pale hutaki kitu cha kuzunguka na kuharibika.

Inatumika wapi basi?

Pengine iko jikoni kwako. Kuka ya gesi yenye ule usalama wa kujizima ina themokapo ndogo kando ya moto: moto ukiwaka inatoa milivolti kadhaa zinazoshika vali wazi, moto ukipeperushwa na upepo inapoa, vali inafunga, gesi inakatika. Haina betri na haihitaji stima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wasovieti walitengeneza taa ya mafuta ya taa yenye themopaili juu ya bomba lake, ikawa inaendesha redio vijijini. Na vyombo vya anga Voyager 1 na 2 vilivyorushwa mwaka wa 1977 vinageuza joto la plutoniamu kuwa stima kwa njia hii hii, wati karibu 470 kila kimoja wakati wa kuondoka, na zaidi ya miaka 40 baadaye bado vilikuwa vinatuma habari. Hakuna fundi aliyepanda huko kubadilisha chochote.

Sola si bora?

Kwa kuchaji simu na taa za nyumba nzima, ndiyo, nunua sola. Betri ya joto fikiria usiku, msimu wa mvua Kakamega na Kericho, ama pale moto unawaka kila siku kwa kazi nyingine. Kuwasha kuni ili tu upate stima usifanye.

Naweza kuweka jiko la makaa ndani ya chumba usiku ili taa iendelee kuwaka?

Hapana. Tafadhali hapana. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na watu wamelala hawakuamka. Hakuna taa inayostahili hiyo.

Mradi wa shule nianze na nini?

Jozi moja tu. Kiungo kimoja kwa maji yenye barafu, kingine kwa maji yanayochemka, mita kwenye milivolti 200. Kwa taipu J hapa Nakuru utasoma karibu 4.9, Kisumu itazidi kidogo kwa sababu maji yao yanachemka moto zaidi. Chora grafu volti zikipanda na joto. Mita ikisoma namba yenye alama ya kutoa umegeuza waya tu, hakuna kilichoharibika: kwa taipu J chuma ndicho chanya. Kisha ongeza jozi mpaka kumi uone kama volti inazidishwa kumi. Isipozidishwa, kuna mahali waya zinagusana.

Kuna mtu anauza betri ya joto ya kuendesha nyumba nzima, ninunue?

Mwambie aiwashe mbele yako, aweke mzigo wa kweli kama balbu, upime volti na ampea mzigo ukiwa umewaka, na mkae hapo dakika ishirini huku unaangalia upande wa baridi unapozwa na nini. Akikataa hizo dakika ishirini, weka pesa mfukoni.